Mtoto Asiye na Makao Ana Haki ya Dawati: Nani Amwandikishe?

Hii ni nakala ya hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu wakuu, machifu, wasimamizi wa wadi na wahudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto kutoka Trans Nzoia na Bungoma, waliokutana mjini Kitale.



Niseme mapema kwamba mimi si waziri wa kaunti, na sina bajeti ya kutangaza hapa. Kazi yangu ni kuandika habari za serikali ya kaunti na kuwafikishia wananchi. Lakini katika kazi hiyo nimeona jambo moja ambalo nyinyi, kila mmoja katika ofisi yake, huenda hamjapata nafasi ya kuliona lote kwa pamoja. Ndilo nililokuja kulisema.

Miaka michache iliyopita, wakati wa ule ukame ulioua mifugo kaskazini, nilitumwa kuandika habari ya usafi wa mji wa Kitale. Alfajiri, kwenye kibaraza cha duka moja, nilimkuta mama na watoto wake watatu wakikunja magunia waliyolalia. Mvulana alikuwa na miaka 13. Msichana alikuwa na miaka 9. Kitinda mimba alikuwa na miaka 4. Mama aliniambia walishuka na lori baada ya mbuzi wa mwisho kufa. Mvulana alikuwa akiokota vyuma chakavu, na msimu wa mavuno alifagia punje za mahindi zilizomwagika kwenye malori. Msichana alibaki na mdogo wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa shuleni.

Niliweka kamera chini nikamwuliza mama kama amejaribu shule. Akasema amejaribu. Shuleni aliambiwa alete vyeti vya kuzaliwa. Kwenye usajili aliambiwa alete kitambulisho chake na barua ya chifu. Kitambulisho kilipotea njiani. Chifu naye alimwambia, kwa heshima tu, kwamba hawezi kumwandikia barua mtu asiye mkaazi wa lokesheni yake. Akarudi kibarazani.

Sitaji shule wala ofisi yoyote, kwa sababu sikuja kulaumu mtu. Na ukiangalia vizuri, kila ofisa alifuata utaratibu wake sawasawa. Hakuna aliyemtukana mama yule wala aliyemwitisha hongo. Hata hivyo watoto watatu walibaki nje ya shule.

Baada ya majuma matatu nilirudi. Hawakuwepo. Muuza chai jirani alisema walipanda gari la kuelekea Webuye. Nilimpigia mwenzangu wa Bungoma nikamwomba aulizie. Akaniuliza maswali ya kawaida: majina yao nani, faili namba gani, wameandikishwa wapi? Nikagundua kwamba mahali pekee ambapo majina ya watoto wale yameandikwa ni kwenye daftari langu. Niliyaandika ili nipate maelezo ya picha.

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani watoto wa aina hii hukosa shule kwa sababu sheria haikuwafikiria. Sivyo. Sheria imewafikiria vizuri sana.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata jina na uraia tangu kuzaliwa, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya lishe, makao na matibabu. Haikusema kila mtoto mwenye cheti. Haikusema kila mtoto mwenye mlango wa kubishwa. Kifungu cha 14 kinakwenda mbali zaidi: mtoto akipatikana Kenya, akionekana hajafikisha miaka 8, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Katiba iko tayari kumpa uraia mtoto ambaye hata hatujui mama yake ni nani. Itakuwa ajabu sisi tushindwe kumpa dawati.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi. Inaipa serikali jukumu la kuhakikisha mtoto anaandikishwa, anahudhuria na anamaliza. Inataja wazi kwamba watoto wa makundi yaliyo hatarini wasizuiwe kusoma. Sheria hiyohiyo inasema mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Sasa jiulizeni: mtoto ambaye hana mzazi wa kumpeleka, mzazi wake mbele ya sheria ni nani? Ni sisi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto aliyetelekezwa, au anayeombaomba kwa kukosa riziki, kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Haimwiti mhalifu. Hata ile sheria ya zamani ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997.

Kwa hiyo watoto hawapotei kwa kukosa sheria. Wanapotea katikati ya ofisi moja na nyingine.

Kazi hii ni ya nani?

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, swali hili ndilo husikika zaidi kwenye mikutano yetu. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto ni vya kaunti. Afisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa. Chifu pia. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti.

Turudi kibarazani. Yule wa miaka 4 ni wa chekechea, kwa hiyo anatudai sisi wa kaunti. Dada yake wa miaka 9 anaidai serikali ya kitaifa. Kaka yao wa miaka 13 anadai shule ya serikali ya kitaifa leo, na baada ya miaka michache, kama masomo ya darasani yatakuwa yamempita sana, atadai nafasi katika chuo cha ufundi cha kaunti. Familia moja, kibaraza kimoja, serikali mbili. Na mama yao hajui Jedwali la Nne. Kwake yeye sisi sote ni serikali.

Mgawanyo huu si wa mchezo, nakubali. Mnakumbuka Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizikumbusha kaunti kwamba basari za shule za sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa, na kwamba kaunti haiwezi kuzilipa bila makubaliano ya maandishi kati ya serikali hizo mbili. Jambo hilo lilifika mahakamani. Sitaingia humo. Funzo ninalolichukua ni hili: Katiba hiyohiyo inayogawa kazi, katika Kifungu cha 187 na cha 189, inaziruhusu serikali mbili kupeana majukumu na kuziagiza zishirikiane. Kwa hiyo jibu la "hiyo si kazi yetu" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kumshika mtu mkono hadi kwa mwenye kazi hiyo.

Na tuseme ukweli kuhusu basari zenyewe. Fomu huitisha barua ya kujiunga na shule, nambari ya mwanafunzi, kitambulisho cha mzazi na sahihi ya chifu. Fomu hiyo hutanguliza mtoto aliyekwisha kuingia shuleni. Mtoto wa kibarazani hawezi hata kuianza. Tunaweza kugawa basari kila mwaka, nikapiga picha za hundi kubwa, na mtoto maskini kuliko wote asionekane hata kwenye orodha ya waliokosa.

Mahali pa kuanzia: aketi kwanza, karatasi zifuate

Walimu wangu, najua mzigo wenu. Mwanafunzi wa shule ya msingi hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka na serikali, na fedha hizo zimefuata mfumo wa usajili wa NEMIS, ambao uliitisha cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti huketi darasani, hutumia chaki na kitabu, lakini shuleni haleti hata shilingi. Mwalimu mkuu akisita, hasiti kwa ubaya wa moyo. Anahesabu.

Lakini tuangalie mambo haya mawili. Mtoto aliye darasani bila cheti anaweza kutafutiwa cheti, kwa sababu kesho atapatikana palepale. Mtoto aliye barabarani bila cheti hawezi, kwa sababu kesho yuko Kamukuywa na keshokutwa yuko kituo cha malori Bungoma. Dawati ndilo linalomweka mtoto mahali pamoja hadi karatasi zikamilike. Tukianza na karatasi, tunamkosa mtoto na tunakosa karatasi pia.

Nchi nyingine zimepitia jambo hili. Marekani, nchi tajiri, ina watoto wengi wasio na makao, na kuna sheria yao ya mwaka 1987 inayoitwa McKinney-Vento. Pamoja na marekebisho yake ya baadaye, sheria hiyo inaiagiza shule impokee mtoto asiye na makao mara moja hata kama hana stakabadhi za kawaida, kisha stakabadhi zitafutwe. Pia inaagiza kila wilaya ya elimu iwe na mtu mmoja anayejulikana ambaye kazi yake ni watoto hao. Hatuhitaji utajiri wa Marekani kuiga mambo hayo mawili. Hata hapa kwetu, Bodi ya Elimu ya Kaunti ina jukumu la kuwatafuta watoto wa umri wa shule ambao hawasomi. Kilichopungua ni jina la mtu na nambari ya simu.

Usajili wa kuchelewa, yaani baada ya miezi 6 tangu kuzaliwa, unaruhusiwa na sheria. Machifu, hapa nawaomba kwa unyenyekevu. Mtu anapokuja kwako kutoka kwingine, usimrudishe mikono mitupu. Andika ulichokiona: kwamba mama fulani na watoto fulani wanalala mahali fulani katika lokesheni yako tangu tarehe fulani. Hiyo si barua ya ukaazi. Ni ushahidi wa kweli, na afisa wa watoto anaweza kuanzia hapo.

Dawati peke yake halitoshi

Mtoto akipata dawati bila mahali pa kulala, hatadumu muhula mzima. Anasinzia darasani kwa sababu usiku hakulala. Wengine wamekwisha kuzoea gundi. Wengine wamepitwa na miaka 4 au 5 ya masomo, wanaona haya kuketi na watoto wadogo. Kuhusu hilo la haya, sisi watu wa eneo hili tuna mfano karibu. Mwaka 2004 hapa Eldoret, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo. Kama babu wa miaka 84 alitafutiwa nafasi, mvulana wa miaka 13 hajachelewa. Lakini naye anahitaji mwalimu wa kumsaidia kufidia, na kama umri umesonga, anahitaji kujua kwamba chuo cha ufundi cha kaunti kipo, na kwamba useremala, ushonaji au umekanika ni masomo pia.

Zamani jibu letu lilikuwa moja: mpeleke kwenye makao ya watoto. Yako mashirika yaliyojitolea miaka mingi, kama Child Rescue Kenya hapa Kitale, na tunayashukuru. Hata hivyo mkakati wa kitaifa wa malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka mtoto alelewe katika familia, yake au nyingine, na taasisi ziwe njia ya mwisho. Hilo ni jambo jema, ila lina gharama. Nyanya anayerudishiwa wajukuu watatu anahitaji chakula cha kuwapa. Pesa za Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Si nyingi, lakini kaya isiyoandikishwa haipati hata hizo. Hapo tena tunarudi kwenye kuandikishwa.

Na kuna jambo ambalo halifai kabisa kuwa jibu. Miji yetu ina desturi ya kufagia watoto wakati mgeni mkubwa anakuja. Mwaka 2019 kulikuwa na madai mazito kwamba watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walichukuliwa usiku na kwenda kuachwa katika kaunti jirani ya Baringo. Suala hilo lilifika hadi Seneti. Sisi wa Kitale na Bungoma tusijione wema, maana tuko kwenye barabara moja. Mtoto anayefukuzwa Kitale anafika Bungoma, na anayefukuzwa Bungoma anarudi Kitale. Tukimhamisha hatujapunguza hata mtoto mmoja. Tumepunguza muda aliokuwa amebakiwa nao wa kusoma.

Hesabu

Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini kote. Ile ilikuwa kazi muhimu, chini ya Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani iliyoanzishwa mwaka 2003, mwaka uleule elimu ya msingi ya bure ilipoleta watoto zaidi ya milioni moja wapya shuleni. Lakini hesabu ya mwaka mmoja haimtafuti mtoto wa mwaka huu. Mwalimu huita majina kila asubuhi, hahesabu mara moja kwa miaka mingi. Watoto hawa nao wanahitaji kuitwa majina.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na halisubiri sheria mpya.

Kwanza, tuwe na orodha moja ya watoto walio nje ya shule, inayotunzwa na afisa wa watoto, inayosomwa pande zote mbili za mpaka wa Trans Nzoia na Bungoma. Jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, shule iliyo karibu. Orodha hiyo iwe ya siri, isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Pili, kila kaunti ndogo itaje mtu mmoja, awe wa serikali ya kitaifa au wa kaunti, ambaye mwalimu, chifu au muuza chai anaweza kumpigia akimwona mtoto wa umri wa shule mtaani saa nne asubuhi. Mahali ambapo mtu huyo bado hajatajwa, ipo nambari ya bure ya kusaidia watoto, 116. Iandikeni kwenye milango ya ofisi zenu.

Tatu, mwalimu mkuu ampokee mtoto siku hiyohiyo, aandike jina lake kwenye rejista ya darasa, kisha apige simu kwa mtu huyo kuhusu cheti. Mzigo wa cheti uhame kutoka mgongo wa mtoto uje kwetu.

Nne ni letu sisi wa mawasiliano. Hatutawaita tena watoto hawa chokoraa katika habari zetu. Mtoto aliyezoea kuitwa jina la takataka huwa hatarajii shule imwite kwa jina lake. Na hatutachapisha nyuso zao wakipewa mikate na mablanketi. Nimepiga picha nyingi za namna hiyo. Zilitoka vizuri. Sijui watoto waliokuwemo walilala wapi usiku uliofuata, na gazeti letu halikuuliza. Kuanzia sasa, tukiandika habari ya mtoto kusaidiwa, tutarudi baada ya muhula mmoja kuuliza kama bado yuko darasani, na jibu tutalichapisha likiwa zuri au baya.

Nimalize. Daftari lile bado ninalo. Lina majina matatu, kwa mwandiko wangu wa haraka. Msichana aliniambia anataka kuwa nesi, mvulana alicheka akasema yeye anataka kuendesha lori. Leo mvulana yule amekuwa kijana, na huyo mdogo angekuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Sijui kama kuna hata mmoja anayesoma. Baada ya mkutano huu nitampa afisa wa watoto majina hayo yaanze ile orodha. Ninaomba kila mmoja wenu aliye na jina la mtoto kwenye daftari, kwenye simu au kichwani, asitoke hapa bila kuliacha.